Wiki ya Mvua ya Shangazi

Shangazi yangu anamiliki wiki moja. Sio utani. Kuna nyumba za mapumziko kando ya ziwa, katika mji ambao watu wenye nafasi huenda kupumzika, na nyumba hizo huuzwa kwa wiki: ukinunua, wiki ileile ni yako kila mwaka. Huyu ana wiki yake ya likizo za shule, yule ana ya mwisho wa mwaka, na kila mmoja akimaliza anafunga mlango na kumpisha mwenzake. Shangazi alipostaafu udobi kwenye hoteli moja ya mji huohuo, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua wiki ya bei ya chini kabisa, ile inayoangukia katikati ya mvua. Ukoo mzima tulisema ameingizwa mjini.

Kila mwaka wiki hiyo inadai ada ya matunzo, na ada hailipwi kwa maneno matamu. Kikao cha familia kikaamua ipangishwe, na kazi ya kutafuta wapangaji nikabebeshwa mimi, mtoto wa kaka yake, msusi, eti kwa sababu mdomo ninao. Mdomo ninao kweli, lakini hebu jaribu wewe kumuuzia mtu ziwa lisiloonekana kwa mvua. Nilisuka huku simu nimeibana kwa bega, nikisifia ukimya, hewa safi na bei ya kutupa, mpaka wateja wangu wakaniuliza kama nimebadili kazi.

Na wapangaji nilikuwa nawapata. Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka wa kwanza nilipata maharusi, mwaka wa pili mwalimu mstaafu na mkewe. Wote waliota mbawa siku chache kabla ya safari, nyumba ikabaki tupu, na ada tukailipa kwa kuchangishana, kila mtu amenuna. Nilidhani ni mkosi. Kisha ofisi ya zile nyumba ikatukumbusha kanuni yao: wiki isiyolaliwa na mtu miaka mitatu mfululizo inarudi mikononi mwao. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Nikahangaika huku na huko, nikapata mhasibu mmoja, mkewe na watoto wao wawili. Nikaandikisha ofisini kwamba wiki ina mpangaji. Shangazi akaniomba namba ya mhasibu, eti awakaribishe, nikampa. Nilipopita kwake kesho yake nilimkuta uani, simu sikioni.

“Mimi sipendi kumdanganya mtu, baba,” alikuwa akisema. “Hiyo mvua hainyeshi, inamwagwa. Boti zimefungwa, mkahawa umefungwa, bwawa la kuogelea wamelifunika turubai. Na hao watoto wako, bado wanakojoa kitandani? Hapana, nauliza tu. Na mama watoto anapaka mafuta kwenye nywele? Maana mafuta kwenye foronya hayatoki.”

Alipokata simu nikamsimamia mbele.

“Shangazi, kumbe siku zote ni wewe?”

“Mimi nini, mwanangu? Nawaeleza ukweli. Mtu akifika akakuta mvua, atamlaumu nani?”

“Atamlaumu Mungu. Lakini atakuwa ameshalala.”

“Basi na alale kwake.”

Jioni hiyohiyo mhasibu akatuma ujumbe kwamba wameghairi. Nilimwambia Shangazi maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake, na sikuyajutia. Kisha nikafunga saluni, nikamwambia afungashe, tunakwenda kulala wenyewe. Alifungasha haraka kuliko nilivyotegemea, akabeba na shuka zake mwenyewe, zimepigwa pasi mpaka zinasimama.

Tulifika tumelowa chapachapa. Mapokezi kulikuwa na ndoo mbili zinakinga maji ya paa, na nyuma ya meza dada mmoja mpole, kajifunika shali. Akatazama kompyuta yake muda mrefu.

“Mama, wiki hii mmeandikisha mpangaji.”

“Ameghairi,” nikasema. “Huyu ndiye mwenye wiki.”

“Naelewa. Tatizo ni kwamba mwenye wiki akishasema anapangisha, mpaka mwakani hawezi kuigeuza. Mpangaji ndiye anaweza kubadilishwa.” Akashusha sauti. “Sasa dada, kwa nini tusumbuane? Nakuandika wewe mpangaji, mama namwandika mgeni wako. Mnachukua funguo, mnaenda kulala.”

Nilitamani kumkumbatia. Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama wima, begi kifuani.

“Mgeni wa nani?”

“Wangu, Shangazi. Ni maandishi tu.”

“Miaka yote nimeingia vyumba vya mji huu kwa mlango wa nyuma, nimebeba shuka za wageni. Nimenunua ili niingie kwa mlango wa mbele, kwangu. Leo niingie kama mgeni wa mtoto niliyemfunga nepi?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale wapangaji hawakufukuzwa na ukweli. Shangazi hakutaka mtu yeyote alale pale kabla yake, na hakuthubutu kusema, maana ada tulikuwa tunachanga sisi, na sisi tulishaamua. Ningemhurumia, lakini nilikuwa nimelowa na nimepoteza wateja wa wiki nzima.

“Ukiondoka, wiki imekwenda,” nikamwambia.

“Wewe si upo? Andikwa.”

Nikabembeleza, nikagomba, nikabembeleza tena. Dada wa mapokezi akatuletea chai, ikapoa mezani. Piga ua, Shangazi hakutaka. Basi la jioni lilipopiga honi barabarani akanikabidhi begi la shuka, akauweka sawa mtandio wake.

“Mpangaji,” akaniambia, “madirisha ya upande wa ziwa uyafunge usiku. Viatu vua mlangoni.”

Akatoka kwenye mvua bila kuangalia nyuma.

Nikatia sahihi. Wiki haikupotea, bado ni yake. Nimelala humo mpaka siku ya mwisho, peke yangu, nimekasirika kila siku. Kila asubuhi alinipigia simu kuuliza kama bomba linavuja, kama taa zote zinawaka, kama nimeridhika na nyumba. Hakuniita “mwanangu” hata mara moja.