Mashine Isiyouliza Wewe ni Nani

Ofisi ya mradi wa mpunga pale Ifakara ilikuwa na kompyuta moja na watu watatu wa kuigombea: mzee aliyeongoza mradi, mama wa masjala, na mimi, niliyetoka chuoni na kuwekwa kwenye majaribio ya miezi sita. Chuoni tulizoea mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Mashine moja ilihudumia skrini kumi, kila mtu akiingia kwa jina lake na neno lake la siri, na faili la mwenzako huligusi mpaka akuruhusu. Huku tulikuwa na DOS. DOS haikuuliza wewe ni nani. Aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye kila kitu, na wengine hawapo.

Jambo hilo nilikuwa nalifikiria hata nikiwa nakula.

Alhamisi moja nilikuwa naingiza majibu ya wakulima wa Chita. Ripoti ilipaswa kuondoka na treni ya kesho yake, na mzee alishaniambia kwamba kwa ripoti hiyo ataamua nibaki au niende. Saa tano akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina barua fupi tu."

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla ya akili. Kwetu kijana hakai mkubwa akiwa wima. Nilikuwa sijasevu chochote tangu asubuhi. Nikaanza kupima maneno: niseme "samahani" kwanza, au nitaonekana namfukuza? Nikiwa bado napima, akazima mashine na kuiwasha tena.

"Lazima izimwe," alinieleza taratibu, "ijue mtu amebadilika."

Mama wa masjala akanitazama. "Mwanangu, umepauka kama uliyekutana na kiboko mto Lumemo."

Nikaeleza. Nikasema ipo mifumo inayowatambua watu wengi kwa pamoja, ambayo mmoja akiondoka kazi yake inabaki.

"Sasa si utuwekee huo," mzee akasema.

"Mashine hii ni ndogo, mzee. Haitauweza."

"Basi andika upya. Fomu si unazo?"

Fomu nilikuwa nazo, rundo zima. Niliandika mpaka ofisi inafungwa, nikasevu kila baada ya mistari miwili, na kesho yake nikaanza alfajiri. Saa tatu mzee akaja na barua nyingine. Safari hii sikuinuka.

"Shikamoo mzee. Naomba dakika kumi."

Hakuitikia. Alisimama nyuma yangu dakika zote kumi, nami nikakosea majina ya vijiji viwili na kuyarekebisha.

Ripoti iliwahi treni. Mwezi uliofuata niliitwa kusomewa tathmini yangu: kazi nzuri, heshima kwa wakubwa haijaridhisha, majaribio yaongezwe miezi mitatu. Nilitia saini. Kosa nililoandikiwa ni la zile dakika kumi, na bila hizo kusingekuwa na ripoti. Hilo nilishindwa kumweleza mtu yeyote ofisini mle.