Piga Hodi Kabla ya Kupiga Ngoma

Kila sikukuu ikifika, mwanangu, huikumbuka ile moja ya zama za siasa, tulipokwenda mjini Chake kucheza ngoma tukarudi hatukucheza. Jana ulinionyesha kibali chako cha kufanyia hafla kiwanja cha mji, ukakikunja, ukakitia mfukoni na kuniambia, "Bibi, kazi imekwisha." Sikukujibu. Kaa basi, unywe chai hiyo ingali moto, nikujibu leo.

Mimi nimezaliwa shamba, kijiji cha Vitongoji, na huko ndiko nilikoolewa mara ya kwanza. Miaka ile, uhuru ukikaribia, watu tuligawika vibaya. Mtu hanunui dukani kwa asiye wa chama chake, haendi mazikoni kwake, anapita mlangoni kwa mkwewe asitoe hata salamu. Sisi tulikuwa chama gani hutokijua kwangu, maana hayo hayakumtajirisha mtu. Nilikuwa mke mpya, mwepesi wa miguu na wa ulimi pia, nikicheza ngoma ya ndege, ile ya wanawake na miavuli, chini ya Bi Mize.

Bi Mize ndiye aliyekuwa mkubwa wa ngoma yetu. Mwanamke mrefu, mjane, asemaye neno moja pale wengine wasemapo kumi. Ngoma yetu ilikuwa haijapata kuchezwa mjini. Watu wa mji walituita watu wa shamba, na kiwanja kile cha serikali, chenye mivinje na majani yaliyofyekwa vizuri, walikiona chao peke yao. "Mcheza kwao hutuzwa," walitwambia, "kachezeni kwenu." Neno hilo lilimkaa Bi Mize rohoni. Akatia nia kwamba sikukuu ile ndege ya Vitongoji itachezwa mjini, mchana kweupe, kila mwenye macho aione.

Akenda kwa Mudiri mwenyewe, mkubwa wa serikali pale mjini. Siku zile mkusanyiko wowote kiwanjani ulitaka kibali, kwa kuwa serikali iliogopa fujo. Akapewa, pamoja na masharti yake: msikate tawi, msichimbe mashimo ya nguzo, msiwashe moto, ngoma inyamaze kila ikiadhiniwa, na kabla ya magharibi kiwanja kiwe kitupu. Sisi tulicheka. Ngoma gani hiyo, tulisema, inayochezwa kwa adabu za msikitini? Bi Mize hakucheka. Alitukalisha akatusomesha sharti moja baada ya jingine, mpaka akahakikisha kuwa tumeelewa. "Kiwanja cha watu wote ni chombo cha kuazima," alisema. "Kirudi kama kilivyotoka." Wallahi nilimpenda mwanamke yule.

Wala hakuishia hapo. Kwetu kulikuwa na desturi ambayo sasa naona inapotea: hupigi ngoma mpaka umepiga hodi kwenye nyumba zote zinazopakana na uwanja, ukauliza kama mna mgonjwa, msiba, au mwanamke aliyekaa eda. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi Bi Mize, na kibali chake mkononi, akazizunguka nyumba za watu wa mjini asiowajua. Wote waliridhia, isipokuwa nyumba moja iliyokuwa imefungwa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkali, wa chama kile kingine. Jina lake nitalisitiri. Wenzetu wakasema, "Mwache huyo, Bi Mize. Si wetu, na kibali tunacho."

Asubuhi ya sikukuu, baada ya sala, tukapanda gari la shamba, kanga za sare, miavuli imefungwa mapajani, manukato mpaka dereva anapiga chafya. Tulipofika kiwanjani Bi Mize akanishika mkono. "Twende tukampe mzee yule mkono wa Idi," akasema. "Leo hakuna Muislamu anayemfungia mtu mlango."

Mzee alifungua ubao mmoja tu wa mlango. Tukamwamkia, akaitikia kwa shida.

"Karatasi ya serikali mnayo," alisema. "Mie mwanitakia nini?"

"Serikali imetupa kiwanja, mzee wangu. Masikio yako haikutupa. Ndo nimekuja kuyaomba."

Yule mzee akamtazama Bi Mize kama anayetafuta hila usoni mwake. Kisha akafungua mlango wote. Ndani kulinuka ubani. Msichana mmoja mzuri alikaa mkekani, kichwa kafungwa kitambaa cheupe, na mama yake kamshika mabega.

"Binti yangu ana pepo," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Akisikia ngoma humpanda, na mara ya mwisho tulikaribia kumkosa. Ana mchumba, na watu wa mchumba hawajui. Sasa nende kwa Mudiri nikamwambie nini, na karani anasikia? Nilikusudia tumzibe masikio kwa pamba, tumweke chumba cha uani, tumwombe Mungu."

Bi Mize akainama akampa msichana mkono wa Idi, akampa na mama yake. Hakuuliza swali hata moja. Tulipotoka nje akanigeukia.

"Umeona nini mle ndani?"

"Nimemuona binti wa..."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu, Bi Mize."

Akenda moja kwa moja mpaka walipo wenzetu, wapigaji wakiwa tayari wameshaanza kuwamba ngoma zao juani, akasema, "Leo hatuchezi."

Lo! Mwanangu, usinikumbushe. Wengine walilia, wengine walimtukana. Bi Kije, mpigaji wetu mkubwa, alimwambia mbele ya watu kwamba amenunuliwa. Kwenda kuchezea pengine hatukuweza, kwani kibali kilikuwa cha kiwanja kile tu, na kukiuka Bi Mize hakutaka. Neno moja lingemtosha kujitetea. Lakini neno hilo lingefika sokoni kabla ya alasiri, na uchumba wa msichana ungevunjika siku ile ile. Alisema tu, "Kichwa kinaniuma, nisameheni." Tukapanda gari kurudi, na watu wa mji wamekaa barazani wanatucheka.

Hilo lilimgharimu. Nusu ya wachezaji walimhama, na arusini watu walimtungia nyimbo za mafumbo, yeye kakaa pale pale anasikia. Siku moja jikoni kwangu, anakuna nazi, machozi yakamtoka. Nikamwambia, "Niache niwaambie." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Inaniuma," alisema, "lakini yule ni mtoto wa mtu." Akaendelea kukuna.

Mwaka uliofuata siasa zilizidi kuchacha, na vibali vikabanwa. Bi Mize akaenda ofisini kuomba tena, nami nyuma yake, bila ya tamaa kubwa. Karani akatikisa kichwa. Mudiri, alisema, hatoi tena kibali kwa upande wowote, ila apatikane mtu wa upande wa pili awadhamini. Nani huyo, mwanangu, mwaka ambao watu hawakuzikana? Tulikuwa tumeshageuka kutoka alipoingia yule mzee, na kofia yake na bakora. Sijui nani alimpasha habari.

"Hawa nawadhamini mie," alisema.

"Mzee, hawa si wa upande wako," karani akamwambia.

"Najua. Wakivunja hata tawi, nikamateni mie."

Binti yake alikuwa ameshaolewa, amehamia Micheweni kwa mumewe, ametulia. Basi tukacheza. Tukacheza mpaka watu wa mji wakaacha baraza zao wakaja kutuzunguka, na yule mzee kafungua mbao zote mbili za mlango wake, kakaa kitini nje, anatazama. Bi Kije akauliza ni dawa gani imemgeuza mzee mkali namna ile. Bi Mize akafungua mwavuli wake, akaingia kati.

Alikufa hajamwambia mtu. Na mdomo wangu huu, usioweza kusitiri hata bei ya samaki, nao ulinyamaza, mpaka leo ambapo wote wale wako mbele ya haki, Mungu awarehemu. Nimeona watu wengi wakubwa maishani mwangu, wengine wana magari na bendera. Sijamuona wa kumfikia mwanamke yule.

Basi nakwambia hivi. Kibali chako kishike, na masharti yake yafuate hata asipokuwepo wa kukutazama, kwa kuwa kiwanja si chako, na kesho kuna mwingine anakitaka. Lakini usiseme kazi imekwisha. Zunguka, piga hodi, mlango kwa mlango, na uanze na ule wa mtu msiyesalimiana naye. Ukiambiwa kuna jambo, usiulize jambo gani. Na likikugharimu, nyamaza.

Maliza chai yako, uende kabla jua halijawa kali. Mungu akupe majirani wakufungulie mlango, akupe na moyo wa kurudi nyuma ikibidi. Hafla yako iwe ya kheri, na kila nyumba inayoisikia iwe radhi nawe. Amin.