Mashavu ya Waitara

Miaka ile dhahabu ilipomtia kila mtu wazimu Nyamongo, Maua alikuwa na kibanda cha picha ubavuni mwa cherehani yangu. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, akaiwekea Linux kwa kuwa mifumo mingine iliilemea, na kuiendesha alijifunza mwenyewe. Mwanamke yule hakuogopa kitu chenye waya. Siku moja alirudi kutoka Sirari na monita pana, kioo kipya cha kompyuta ile. Tangu hapo kila uso aliofungua ulionekana umevimba.

"Simu hizi za bei rahisi zinanenepesha watu," alisema, akawa anazibana sura zao kidogo kwenye kompyuta kabla ya kuchapa picha.

Hakuna aliyelalamika. Wachimbaji walijitazama wakasema machimbo yamewakondesha. Mimi pichani nilitoka mwembamba kama fito, nikaenda kujisifu kwa mke wangu, akanicheka mpaka akakaa chini.

Kisha shimo likamfunika kijana wa Kemambo, Waitara. Mama yake, Philomena, akaja na simu ya marehemu. Alitaka picha ya kutangulia jeneza, na mazishi yalikuwa kesho yake.

"Shikamoo mama. Pole sana," Maua alimwambia, akachapa kama alivyozoea.

Mama aliitazama, akairudisha mezani. "Huyu siye. Mwanangu alikuwa na mashavu. Siwezi kumzika mtu nisiyemjua."

Nilidhani ni majonzi yanayosema, na nusura nimwambie. Nashukuru nilifunga mdomo.

"Wewe ndiye unayemjua, mama," Maua alisema. Akachora duara kwenye kompyuta, akavua bangili yake, akaibandika juu ya kioo. Lile duara lilikuwa limelala kama yai. "Kumbe kosa ni la kioo, kinatanua kila kitu! Watu wote wale nimewabana bure." Wote hao aliwachapia upya baadaye, bila kudai kitu.

Akafungua mpangilio wa kioo, akabadilisha vipimo. Kioo kikawa cheusi tii.

"Chomoa waya!" nilipiga kelele. Mashine ingekufa, mama angezika bila picha.

Maua aliweka mikono mapajani. "Tulia, fundi. Nisipobonyeza kukubali, itarudi yenyewe ilikokuwa."

Tukangoja. Kweli, kioo kikarudi. Akachagua kipimo kingine, picha ikatulia, akabonyeza kukubali. Safari hii bangili ilikaa juu ya duara sawasawa. Nilimpenda sana jirani yangu siku ile, nasema bila aibu.

Akachapa tena, bila kumbana mtu.

Philomena alipokea picha kwa mikono miwili. Akaweka kiganja shavuni pa mwanawe, akakiacha hapo.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye niliyemlisha."

Tangu afike hakuwa ametoa chozi. Alilia pale pale kibandani, na Maua akamshika.