Okidi Aliyokuja Nayo Mama

Mizizi iliyooza ina harufu yake, nzito na chachu kama gunia lililolowa likasahaulika, na hadi leo naitambua upesi. Mwaka niliotimiza miaka kumi harufu hiyo ilikaa barazani kwetu Kamembe, Rwanda, ikitoka kwenye kopo ilimopandwa okidi ya mama. Jina okidi nimelijua ukubwani. Nyumbani tulisema tu maua ya Maman. Aliileta kutoka kwao Bukavu, upande wa Kongo, siku alipoolewa, imefungwa kwenye kipande cha gogo, ikaning'inia ukutani miaka yote bila kuhitaji udongo. Kisha Papa akampa talaka, naye akarudi ng'ambo ya daraja la mpakani na begi moja. Mlangoni aliniambia, "Uichunge. Ikitoa maua, nitakuya kuiangalia." Nilimwamini kabisa, na moyoni nikaongeza neno ambalo hakulisema: kwamba akija, ataondoka na mimi.

Aliyekuja kututunzia nyumba ni shangazi, dada yake Papa, mjane aliyelima kijijini Gitambi miaka mingi. Aliionea huruma okidi. Akaibandua kwenye gogo, akaipanda kwenye kopo lenye udongo mweusi na samadi, akainywesha asubuhi na jioni. Hakuwa na ubaya. Kwa mkulima, mmea usio na udongo ni yatima. Majani yakawa manjano, yakadondoka moja moja mpaka yakabaki mawili. Papa alikuwa fundi cherehani, na mzee aliyemletea makaa ya pasi ndiye aliyenifumbua macho. Alichungulia kopo, akatucheka, akasema kule msituni maua hayo hukaa juu ya miti na kunywa ukungu. Niutoe udongo wote, nikate kila kilichooza, niilaze kwenye vipande vya makaa.

Nilifanya hivyo Ijumaa, Papa akiwa msikitini. Nilichukua mkasi wake wa vitambaa, ule ambao haukuruhusiwa kukata hata karatasi, nikaupitisha motoni, nikakata mizizi mpaka ikabaki mitatu, kisha nikailaza juu ya makaa kwenye kikapu nilichokining'iniza ukutani. Papa alikuta ute wa mizizi kwenye makali, akanichapa kwa rula yake ya mbao hadi shangazi akaingilia. Niliona ni halali yangu, sikulia. Kila asubuhi niliinyunyizia maji kidogo kwenye kikapu chake kibarazani, na masika mawili yakapita kabla haijatoa kikonyo. Kisha yakafunguka maua matano, meupe, nikahisi nimeshinda.

Nilimtuma jirani yetu aliyekuwa akivuka daraja kila siku kwenda kuuza nyanya, ampashe Maman habari. Maman alikuja Jumapili, amevaa kitenge kipya, na mimi nguo zangu nilikuwa nimeshazikunja. Aliyatazama maua kwa muda mrefu, akanisifu, akanigusa shavu. Halafu akakitungua kikapu. Papa hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Kwetu mwanamke aliyeachwa huchukua alichokuja nacho, na hakuna wa kumzuia. Nilimshika kitenge nikamuuliza, na mimi je.

"Hii maua nilikuya nayo," alisema. "Weye uko mutoto wa papa yako."

Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. Shangazi aligeukia ukuta. Nilichukia upole ule kuliko fimbo zote za Papa, na bado nauchukia.

Siku hizi mambo ni mengine. Binti yangu alipoachana na mumewe aliondoka na watoto wake wawili, mmoja mgongoni, na hakuna aliyemuuliza ni wa nani. Nilifurahi, na nilimwonea wivu hadi nikaona haya. Maman naye anaishi kwangu sasa, macho yamepungua nguvu, namwogesha mwenyewe. Juzi tulikuwa tukichambua mchele wa Bugarama, akaniambia kuwa okidi ile ilikufa mwaka uleule, kwamba alisahau kuimwagia maji, na kwamba inamuuma mpaka leo. Niliacha kuchambua, nikangoja aendelee. Akaniomba nimsogezee ungo.