Mwisho wa Kiboko na Mama Bata

Ujinga wangu niuseme mapema. Utepe wa kanda ya video, uliokaa shambani misimu mingi ukipigwa jua na kunyewa na ndege, niliuchomeka kwenye deki pekee inayofanya kazi kwa fundi redio wetu hapa Mbinga. Deki ikakohoa, ikatafuna, ikanyamaza. Fundi akanitazama.

"Dogo, umenilishia mashine majani?"

Ungenielewa kama ungekuwepo enzi zile. Nikiwa darasa la pili tulipanga nyumba moja na mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Alikuwa na televisheni yenye kisogo, deki, na kanda aliyoirekodi mwenyewe: igizo la sanamu za vitambaa, lililotokana na kitabu chetu cha kusomea, kile cha mtoto wa kiboko aliyelelewa na bata. Jumamosi jioni, baridi inang'ata masikio, kila mtoto alikuja na kijiti cha kuni. Hicho ndicho kilikuwa kiingilio, na kwa kuni hizo hizo mke wa mwalimu alituchemshia maharage. Tulibanana mkekani, masweta yananuka moshi, na koridoni akina mama wakichambua kahawa na kusengenya. Kiboko akianza kuongea kwa ile sauti yake ya puani, tulicheka mpaka mtu anajikojolea. Si mimi. Haya, mara moja.

Ila mwisho hatukuuona. Kiboko kashakua, kasimama ukingoni mwa ziwa, mama bata yuko nyuma yake, halafu giza! Umeme umekatika. Kila Jumamosi, pale pale. Tuliwatukana watu wa umeme matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kitabu cha shule nacho, kurasa za mwisho zilishafungiwa karanga. Kisha mwalimu akahamishwa tena, na kiboko wetu akabaki amesimama ukingoni.

Sasa mwezi ujao nakwenda kidato cha tano, mbali, na sijawahi kulala wiki nzima bila kusikia mama akinigombeza. Nikaapa siondoki kabla sijajua kama yule kiboko alirudi. Mtandaoni nilipekua mpaka bando likaisha. Hakuna hata picha yake.

Kumbe alikuwa kwa bibi. Nilitumwa kwake Lipingo, kando ya ziwa, kuamia ndege kwenye mpunga, nikakuta utepe mweusi umevutwa mti hadi mti, upepo wa ziwa ukipita unavuma vuuu na ndege wanatimka. Chini ya mti mmoja lilikuwepo ganda la kanda lenye mwandiko wa mwalimu: KIBOKO. Bibi akasema mwalimu alipohama alimwachia mama kanda zake, na mama akazileta shambani. Sikungoja zaidi. Nikaanza kuuzungusha utepe kwenye gunzi la hindi. Ndege wakashuka kama wamealikwa harusini.

"Mume wangu!" bibi akapaza sauti. "Unawafungulia mlango?"

"Bibi, humu ndani mna kiboko!"

"Basi mwambie atoke aje afukuze ndege."

Hakutoka. Nikapewa debe na fimbo, nikapiga kelele mpaka jua linazama, sauti imekauka, mikono inanuka usipa, wale dagaa wa ziwani waliowahi kukaa kwenye debe lile.

Niliporudi Mbinga nikauviringisha utepe ndani ya ganda lake, na yaliyotokea kwa fundi nimeshayasema. Deki yake ilipona. Utepe ulitoka vipande vipande, kama sigara zilizolowa. Nikarudi nyumbani kwa kupitia ile nyumba ya zamani. Sasa ni duka la pembejeo. Wenzangu wa mkekani, mmoja anaendesha bodaboda, wengine hata sijui waliko. Watoto wa mtaa wamekaa barazani, kila mmoja na simu ya mzazi wake na katuni yake, kila mmoja anacheka kwa wakati wake. Nikatamani kuwaomba kuni.

Mama alikuwa anapepeta maharage. Nikamsimulia yote, deki, ndege, bibi. Alicheka mpaka ungo ukamtoka. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema:

"Umeme haukuwa unakatika, mwanangu. Nilikuwa nazima mimi, swichi kuu ilikuwa koridoni, na mwalimu alijua. Kabla wenzako hawajaanza kuja uliuona ule mwisho, ukanishika gauni siku mbili, mpaka chooni unanifuata, maana yule kiboko anaenda zake na harudi. Haya, kalete begi tupange nguo."