Mwiko wa Msimamizi

Katika kiwanda chetu cha halua kilichoko mtaa wa Hamriya, mwiko hausimami mpaka halua iive. Ukisimama, halua inashika chini na sufuria zima linaharibika. Ndiyo maana kila alasiri mimi, msimamizi, nilikuwa nikikoroga ili wapishi wakaswali kwa zamu.

Siku chache kabla ya Idi, meneja mpya alinikuta jasho linanitiririka.

"Bwana wee, nimekupa ofisi yenye kiyoyozi, nawe umekuja kukoroga? Hawa watakuheshimu vipi?"

"Waulize wenyewe."

"Nnakuuliza wewe! Uache huo mwiko au uache usimamizi."

Wapishi walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni wanatusikiliza. Kazi hii ya usimamizi sikusomeshwa na mtu darasani. Nimeijua kwa kusimama nao mbele ya moto.

"Usimamizi chukua," nikamwambia, "ila nipishe kidogo, halua itaungua."

Akauchukua kweli usimamizi, mimi nikabaki jikoni na wapishi. Asubuhi yake aliyewekwa badala yangu, kijana mwenye adabu, alishuka jikoni kuniuliza kazi ya msimamizi inaanzia wapi. Nilimpa mwiko, nikamwonesha pa kusimama.