Sweta la Kumuaga Mkuu wa Shule

"Mwalimu, kichwa umekipima?" aliniuliza Mama Komba, mpishi wa shule aliyenifundisha kufuma. Nikaleta ubishi wa chuo kikuu: sweta linavaliwa kifuani, kichwa kinahusikaje?

Walimu wenzangu walinikabidhi kazi ya kufuma zawadi ya mkuu wetu, aliyekuwa akihamia Njombe kwenye baridi. Nyuzi nilizifumua kwenye masweta ya mitumba ya soko la Majengo. Mikono niliirudia mara tatu, ila misuko ya kifuani ilitoka safi.

Siku ya kuaga, mkuu akalivaa sweta mbele ya shule nzima. Likamkwama masikioni.

"Mwalimu," sauti ikatoka ndani ya sweta, "mlango uko wapi?"

Mama Komba alimwokoa kwa mkasi. Miaka mingi baadaye nilijua: sweta la kwanza alilofuma yeye lilimkwama mchumba wake kichwani, mbele ya wakwe.